Fundi wa Spika

Hapa Kasese, ukitaka Mungu asikike mbali,
unaniletea mimi.
Kibanda changu kiko nyuma ya soko, karibu na reli iliyokufa,
na humu ndani madhehebu yote yamelazwa kama wagonjwa:
pembe ya Wapentekoste, koo limepasuka;
maikrofoni ya Wasabato, waya umeliwa na panya;
amplifaya ya parokia, inayonguruma yenyewe usiku
kama mtu anayeota deni.
Nazifungua zote kwa bisibisi moja.
Ndani zinafanana: sumaku, koili, vumbi.

Thembo mhubiri huja kila Alhamisi.
"Kaza," ananiambia, "sauti ivuke Nyamwamba,
ipande mpaka Kilembe. Watu wanapotea."
Nakaza. Nusu analipa, nusu ni baraka.
Alfajiri anasimama juu ya kreti ya soda
na mji mzima unaambiwa utaungua
kabla haujapata chai.

Mama yangu aliyasikia yote kitandani,
upande wa kushoto umemfia tangu msimu wa pamba.
Na wageni walikuja, wawili wawili, viatu vimepigwa rangi,
mkononi karatasi zenye picha ya moto.
"Mama, ukifa usiku huu, utaamkia wapi?"
Akawajibu kwa nusu mdomo:
"Hapahapa. Kesho ni siku yangu ya kubadilishiwa shuka."
Wakaandika kitu daftarini, wakahamia kwa jirani.
Karatasi zile nafungia skrubu.

Ithungu hakuja na karatasi.
Alikuja na mzigo wa matete kichwani, amelowa jasho,
akauliza kama anaweza kukaa.
"Kanisani wamesema wewe ndiye wa mwisho mtaani
anayejua kusuka ungo usiovujisha ulezi.
Nimekuja kuomba. Nifundishe."

Mama alinitazama kana kwamba ni mimi niliyemtania.
Miaka miwili, hakuna aliyemwomba kitu.
Watu walimletea: uji, sabuni, huruma, Neno.
Kuletewa, kuletewa, kuletewa,
mpaka mtu anageuka stoo.

Basi wakaanza.
Mkono wa kulia wa mama, wa kushoto wa Ithungu,
na tete moja katikati yao linalokataa kupinda.
"Vuta! Si hivyo, mjinga wewe.
Vuta kama unamfunga mbuzi wa mwenzio."
Ule ukali wake ulikuwa umerudi nyumbani.
Nilizima redio niusikie.

Mwezi wa tatu, mama mwenyewe ndiye aliyeuliza,
bila kuinua macho kutoka kwenye matete:
"Huyo mnayemwendea Jumapili,
anapatana na watu wakali?"
Ithungu alicheka mpaka akajichoma kidole.
Walichosema baadaye sikukisikia.
Kilisemwa kwa sauti ya chini,
na mimi kazi yangu ni sauti za juu.

Tulimzika Septemba, mvua imeshika.
Ithungu alisonga obundu na wanawake wengine,
macho mekundu, akisingizia moshi.
Watu huniuliza: alibatizwa?
Mimi nina ungo tu ukutani.
Nimetafuta mara nyingi pale mkono mmoja ulipoishia
na mwingine ukaanza.
Sijapaona.

Alhamisi iliyopita Thembo alikuja bila pembe.
Sauti yake yenyewe ilikuwa imekatika,
akanionyesha koo kwa kidole
kama mteja anayeonyesha spika mbovu.
"Ndugu," alinong'ona, "nipe maji."
Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza
kuniomba kitu kisichopimwa kwa wati.

Nilimpa kikombe cha mama.
Akanywa polepole, akatazama ukuta,
akasahau kurudisha kikombe.
"Ungo ule," akauliza, "ni wa nani?"

Nikazima kila kilichokuwa kikinguruma.
Nikamsogezea kreti, akae.